Anza na Harusi: Namna ya Kuufuata Ukoo Wako Katika Vitabu vya Ndoa na Magazeti ya Zamani

Mtu akipata hamu ya kujua asili ya ukoo wake, swali lake la kwanza huwa: babu alizaliwa lini? Na hapo hapo ndipo anapokwama. Babu zetu wengi, wa pwani na wa bara, walizaliwa bila kuandikwa popote. Serikali za kikoloni ziliandikisha mapema vizazi vya Wazungu na Wahindi. Vya Waafrika zilivifikia polepole, wilaya baada ya wilaya. Lakini babu huyo huyo alipooa, kuna mtu aliyeshika kalamu. Ndoa ina mahari, mahari ina mashahidi, na penye fedha na mashahidi hapakosi karani.

Tena ndoa inataja koo mbili kwa mpigo. Ukipata mstari mmoja wa kitabu cha ndoa umepata baba wa bwana harusi, baba wa bibi harusi, kijiji au mtaa wa kila upande, na watu wawili au watatu ambao bila shaka ni ndugu au majirani. Ndiyo maana nasema anza na harusi, halafu urudi nyuma kwenye kuzaliwa na uende mbele kwenye mauti.

Mimi nilianza vibaya. Nilimaliza likizo mbili nikifungua magazeti ya 1935 kwa sababu nyumbani tuliambiwa bibi na babu mzaa mama walioana "mwaka wa Jubilii". Nitaeleza baadaye kilichonipoteza.

Hatua ya kwanza: pekua nyumbani kabla ya kupanda basi

Sanduku la bibi lina mengi kuliko unavyodhani. Tafuta cheti cha ndoa, kadi ya mwaliko, barua, stakabadhi ya kodi ya kichwa, kitabu cha ubatizo, kipande cha babu kama alifanya kazi Kenya (kipande ni kitambulisho cha kazi, kilianza kutumika huko mwaka 1920). Fungua kurasa za mwanzo na za mwisho za Msahafu au Biblia ya familia. Wazee wengi waliandika humo tarehe za vizazi na vifo. Geuza kila picha ya harusi utazame mgongoni. Mhuri wa studio unaweza kukupa mji, na mji utakuambia gazeti gani na parokia gani ya kutafuta.

Kitu ambacho watu hukitupa ni daftari la michango. Harusi za kwetu zina kamati, na kamati ina mweka hazina, na mweka hazina ana daftari: nani ameahidi ngapi, nani ametoa, nani bado. Daftari la namna hiyo la miaka ya 1970 ni orodha kamili ya ukoo kwa siku ile, pamoja na marafiki wa kazini na watani. Mjomba aliyetoa mbuzi badala ya fedha ameandikwa. Shangazi aliyetoka Tabora ameandikwa. Ukilipata, lipige picha ukurasa kwa ukurasa siku hiyo hiyo, maana panya nao wanalitaka.

Kisha kaa na wazee. Mmoja mmoja, si wote kwa pamoja. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Na kabla ya swali lolote eleza unachotafuta na kwa nini. Ukianza tu kuuliza habari za babu, na makaburi yake, na watoto wake wa mke mkubwa, kuna atakayedhani unatafuta shamba. Hofu ya mirathi imefunga midomo mingi.

Usiulize "harusi ilikuwa mwaka gani?" Utajibiwa mwaka wowote ili uridhike. Uliza hivi: Mahari ilikuwa ngapi, na kwa fedha gani? Nani alikuwa walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha bibi harusi? Nani alimsimamia bibi harusi ukumbini? Watu wa upande wa pili walikuja kwa jahazi, kwa treni au kwa lori? Ilikuwa masika au vuli? Nani wakati ule alikuwa bado yuko tumboni? Swali hili la mwisho limenisaidia kuliko yote. Mtu husahau mwaka, ila hasahau kwamba alicheza ngoma ya dada yake akiwa na mimba ya miezi minane.

Hatua ya pili: geuza masimulizi yawe miaka

Fedha ya mahari ni saa nzuri ukiijua kuisoma. Kwenye koloni la Mjerumani rupia iligawanywa kwa pesa 64 hadi 1904, ndipo ikaingia heller, 100 kwa rupia moja. Shilingi ilikuja na Mwingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo bibi wa Kilwa aliyetolewa mahari ya rupia 30 yamkini aliolewa kabla ya hapo. Lakini Unguja na Pemba rupia iliendelea hadi mwisho wa 1935, shilingi ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1936. Mahari ya rupia huko haikuambii mengi. Na mzee akikuambia "walilipa hela kumi", usikimbilie kuandika enzi ya Mjerumani. Neno hela limetoka kwa heller kweli, ila sasa ni jina la fedha yoyote.

Matukio nayo yana miaka yake. Kimbunga cha Unguja ni 1872. Sotoka iliyomaliza ng'ombe ni miaka ya 1890. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Vita ya kwanza ni 1914 hadi 1918, na ile homa kubwa ni 1918. Wagogo wana Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Jubilii ya Mfalme George wa Tano ni 1935. "Alipokwenda Keya" ina maana aliingia jeshi la King's African Rifles, lakini uliza ni vita gani, maana baba na mtoto wanaweza wote kuwa wamekwenda Keya.

Kwa familia za Kiislamu utakutana na mwaka wa Hijria. Hesabu ya haraka: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1320 unakupa 1902 na kidogo, na ndivyo ulivyo, ulianza Aprili 1902. Mwaka mmoja wa Hijria huangukia miaka miwili ya Kizungu mara nyingi, kwa hiyo andika 1902/1903 mpaka uupate mwezi. Na mwezi wazee wa pwani watakutajia kwa mfunguo: mfunguo mosi ndio Shawali, mwezi wa kufungua baada ya Ramadhani, mfunguo nne ni Muharamu, mfunguo sita ndio wa Maulidi, hadi mfunguo tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Harusi "ya mfunguo pili" umeshaipatia mwezi.

Sasa Jubilii yangu. Nilichokosea ni kudhani ndoa ina tarehe moja. Posa ina siku yake, mahari ina siku yake, ndoa ya kimila ina siku yake, na kanisani huenda wakaenda miaka mingi baadaye "kubariki". Bibi na babu walioana kimila yapata 1931, mama mkubwa akazaliwa, na 1935 ndipo wakasimama mbele ya padre. Nilipomkuta mama mkubwa kwenye kitabu cha ubatizo akiwa ametangulia harusi ya wazazi wake, nilidhani nimekosea watu nikaruka ukurasa. Usiruke. Andika tarehe zote, kila moja na aina yake.

Hatua ya tatu: orodhesha jina kwa kila namna lilivyoweza kuandikwa

Vitabu vingi vya mwongozo vya Ulaya vinakuambia ufuate jina la ukoo. Kwetu hilo halisaidii sana. Juma Ali Salum ni Juma, mtoto wa Ali, mjukuu wa Salum. Mtoto wake atakuwa Salum Juma Ali, jina la babu yake Juma limerudi. Kila kizazi jina la mwisho linahama. Kwa hiyo tafuta mnyororo wa majina matatu, na ukiupata, geuza upande wake: Ali Salum fulani ndiye utakayemtafuta miaka 25 au 30 nyuma. Tazama pia majina yanayorudiarudia. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, na somo wake huyo mara nyingi ndiye kiungo unachokosa.

Kisha tahajia. Karani wa Kijerumani aliandika alivyosikia: Djuma, Jussuf kwa Yusufu, Schabani, Bagamojo, Udjidji, Muansa, Kilwa-Kiwindje. Mmisionari wa Kifaransa aliandika Oujiji na Ouroundi. Aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakuwa na p wala v wala g ya kawaida, kwa hiyo b inaweza kuwa p, f ikawa v. Mwingereza alipachika h na ee alipopenda: Saleem, Salim, Selim, Salimu, wote mtu mmoja. Andika namna zote kwenye karatasi moja uende nayo. Ukiwa umechoka saa tisa alasiri jicho lako litaruka jina lisilofanana na ulilolizoea.

Wanawake ni kazi zaidi. Kwenye magazeti wanaitwa Bi. Fulani wa Bw. Fulani, au "mke wa mwalimu". Binti aliyeitwa Sikudhani nyumbani anakuwa Maria siku ya ubatizo na Mama fulani baada ya mtoto wa kwanza. Kwa hiyo mtafute kupitia wanaume waliomzunguka: baba, kaka, mume. Si haki, lakini ndivyo vitabu vilivyoandikwa.

Hatua ya nne: kitabu cha ndoa chenyewe

Hapa ndipo penye nyama, kaa napo.

Upande wa Waislamu, uliza kwanza ndoa ilifungishwa na nani. Kenya pwani kulikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu tangu 1906, kwa hiyo ofisi za makadhi za Mombasa, Lamu na Malindi ndizo za kuulizia. Unguja na Pemba anza kwa kadhi wa wilaya, kisha Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Tanzania Bara vyeti vya miaka ya karibuni vina jina la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, iliyoundwa 1968. Vya kabla ya hapo vimetawanyika misikitini na majumbani kwa masheikh waliokwisha kufariki. Nenda kwa mtoto wa sheikh. Nenda na sukari na majani ya chai.

Ukilipata daftari, watu hukimbilia majina ya maharusi. Wewe tazama walii. Walii wa kwanza ni baba. Asipokuwepo ni babu mzaa baba, kisha kaka, kisha baba wadogo na wakubwa na watoto wao. Yaani aliyesimama badala ya baba anakuambia mambo mawili: baba huenda alikuwa amefariki au yuko mbali, na huyu ni wa upande wa kuumeni. Ukikuta walii ni kadhi mwenyewe, huenda bibi harusi hakuwa na ndugu wa kiume wa kuumeni aliye Muislamu pale mjini. Alitoka mbali, au alisilimu. Na ukikuta walii ni mtu wa ukoo mkubwa usiohusiana naye kabisa, fahamu kwamba kwa sheria ya Kiislamu bwana aliyemwacha huru mjakazi, au warithi wake, ndio wanaosimama kama walii wake pale asipokuwa na jamaa. Nitalirudia hili.

Tazama pia kama ameandikwa bikira, mtalaka au mjane. Neno moja hilo linaweza kukufungulia ndoa nyingine nzima, na watoto wengine.

Upande wa Wakristo, vitabu viko parokiani au usharikani, na vya zamani sana vimehamishiwa jimboni au dayosisi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo 1868. Waanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza) walikuwa Unguja tangu 1864, wakaenea Magila na Masasi. CMS, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana, walianzisha Freretown, Mombasa, mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Vitabu vya Kikatoliki vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini, lakini usiogope, maneno ni machache: natus ni amezaliwa, filius ni mtoto wa kiume, filia ni wa kike, patrinus ni msimamizi wa ubatizo, ignotus ni asiyejulikana. Joannes ni Yohana, Aloysius ni Alois.

Siri moja ya vitabu vya Kikatoliki: soma pembeni. Tangu 1908 kanisa lilitaka kila ndoa iandikwe pia pembeni mwa jina la mtu kwenye kitabu alikobatizwa. Babu aliyebatizwa Kilema akaoa Morogoro, ndoa yake ya Morogoro inaweza kuwa imeandikwa Kilema, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, pamoja na tarehe na parokia. Mimi nilipata ndoa mbili kwa njia hiyo bila kutoka kwenye benchi.

Walutheri wa mwanzo waliandika Kijerumani, na mwandiko wa wakati ule ni mgumu hata kwa Mjerumani wa leo. Piga picha nzuri, tafuta alfabeti ya mwandiko huo mtandaoni, anza na majina ya vijiji unavyovijua, utajifunza herufi kutokana navyo.

Ofisi za serikali: Tanzania Bara ni RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, ambayo ilianza 2006 kuchukua kazi za Kabidhi Wasii Mkuu, Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikusanya ndoa za dini zote, za kimila na za bomani chini ya usajili mmoja, na ikataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Kwa hiyo kuanzia Mei 1971 una matumaini makubwa zaidi. Kenya, ndoa za Kikristo za Waafrika zilikuwa na sheria yake tangu 1904. Ombi lako liandike kwa ufupi: majina, mahali, miaka mitano unayokisia. Karani akiona barua ya kurasa tatu anaiweka chini ya nyingine.

Hatua ya tano: magazeti

Kwanza jua ni nani aliyekuwa akiandikwa, usije ukapoteza siku. Magazeti ya Kiingereza ya kabla ya uhuru, kama East African Standard la Nairobi au Tanganyika Standard lililoanza 1930, yalitangaza harusi za Wazungu, na za Wahindi wenye duka. Ndoa ya Mwafrika utaipata zaidi kwenye magazeti ya Kiswahili, na hapo nako ni ya mwalimu, karani, mganga wa hospitali ya serikali au mtoto wa jumbe. Kama babu yako alikuwa mkulima wa Lushoto asiyejua kusoma, rudi hatua ya nne.

Magazeti yenyewe: Msimulizi la wanafunzi wa Kiungani, Unguja, lilianza 1888. Habari za Mwezi lilitoka Magila. Kiongozi lilichapwa Tanga enzi ya Mjerumani hadi 1916, na waandishi wake wengi walikuwa walimu na makarani waliotuma habari za miji yao. Mambo Leo lilianza Januari 1923 Dar es Salaam, na barua zilitoka kila pembe ya Tanganyika. Baraza la Nairobi lilianza 1939. Zanzibar kulikuwa na Al-Falaq tangu 1929 na Mwongozi tangu 1942. Baadaye Ngurumo, Uhuru, Taifa Leo. Wapi pa kuyaona: sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa, Nyaraka za Taifa pale Upanga, Kilimani kwa Zanzibar, na Nairobi ni Kenya National Archives barabara ya Moi pamoja na maktaba ya McMillan. Piga simu kwanza uulize kama juzuu za miaka yako ziko rafuni au ziko kwa fundi wa kujalidi.

Usitarajie safu yenye kichwa "Ndoa". Katika magazeti ya zamani harusi imejificha ndani ya barua ya mwandishi wa wilaya, kati ya habari ya simba na habari ya mvua. Soma habari zote za mji wako, miezi mitatu baada ya tarehe unayokisia, maana barua ilisafiri polepole na magazeti kama Mambo Leo yalitoka mara moja kwa mwezi. Ruka Ramadhani kwa Waislamu, na Kwaresima na Majilio kwa Wakristo; siku hizo hapafungwi harusi za shangwe.

Ukilipata tangazo, lisome kama wakili. Chukua mfano: "Bw. na Bi. Fulani wa Chumbageni wanawajulisha ndugu na jamaa kuwa binti yao atafunga ndoa na Bw. Fulani, mtoto wa marehemu Fulani wa Kilosa, Jumamosi ijayo." Neno "marehemu" linakupa mpaka: baba wa bwana harusi alifariki kabla ya siku hiyo. "Wa Kilosa" laweza kuwa asili, si makazi, kwa hiyo tafuta kaburi Kilosa na kazi mahali pengine. "Atafunga" haina maana alifunga. Harusi huahirishwa, na huvunjika. Na kama tangazo limetolewa na mjomba badala ya wazazi, jiulize baba yuko wapi. Tangazo ni kidole kinachoonyesha njia. Ushahidi ni kitabu cha ndoa.

Usiishie kwenye harusi. Matangazo ya vifo hutaja watu wengi zaidi, hasa magazeti ya Kenya, ambako marehemu huorodheshwa kuwa mtoto wa nani, mume wa nani, ndugu wa nani na babu wa nani, mistari kumi. Huku kwetu Tanzania kazi hiyo ilifanywa na redio: "habari ziwafikie ndugu wa marehemu popote walipo, Mwanza, Kigoma na Mombasa." Karatasi iliyopelekwa redioni kusomwa mara nyingi imebaki na familia. Iulizie.

Gazeti la Serikali nalo usilidharau kwa sura yake. Kenya Gazette linaanzia 1899, matoleo yake mengi yako mtandaoni bure na yanatafutika kwa jina. Humo kuna matangazo ya mirathi yenye jina la marehemu, mahali na tarehe aliyofariki na jina la anayeomba usimamizi, ambaye kwa kawaida ni mjane au mtoto. Kuna pia waliobadili majina. Tafuta kwa jina moja na mji, si kwa majina matatu yaliyoshikana, maana mashine iliyosoma maandishi hayo imekosea herufi nyingi.

Hatua ya sita: ng'ambo, ikibidi

Hii ni ya wachache. Hati za UMCA ziko Bodleian, Oxford. Za CMS ziko Birmingham. Za serikali ya Mjerumani ziko Bundesarchiv, Berlin, na nyingine zilibaki Dar es Salaam. Wenye asili ya Oman wana taasisi ya kumbukumbu na nyaraka pale Muscat. Na kuna FamilySearch, ya kanisa la Wamormoni, ambayo ni bure ukijiandikisha. Andika barua pepe kabla ya kuomba viza.

Hatua ya saba: thibitisha kabla ya kuunganisha

Siku ya kwenda kwenye nyaraka chukua kitambulisho, barua ya utambulisho, kalamu ya risasi (ya wino hairuhusiwi), barakoa ya vumbi na simu iliyojaa chaji. Faili za serikali kwa kawaida hufungwa miaka 30. Kabla ya kupiga picha ya ukurasa, piga picha ya jalada lenye namba ya faili, vinginevyo nyumbani utakuwa na picha mia mbili zisizo na mama wala baba.

Kisha jihadhari na furaha. Mwaka mzima nilitembea na babu mkuu wa Kilwa ambaye si wangu. Majina matatu yalilingana, mji ulilingana, kazi ililingana: wote wawili walikuwa mafundi seremala. Shangazi ndiye aliyenivua, aliposema baba yake hakuwahi kuoa mwanamke wa jina lile. Tangu hapo nina kanuni: siunganishi watu wawili mpaka nipate vitu vitatu vinavyokubaliana, na kimoja kati ya hivyo kisiwe jina. Mke, kijiji, msimamizi wa ubatizo, shahidi wa ndoa, chochote.

Hatua ya nane: ukikuta lililofichwa

Utalikuta. Mke ambaye hakuna aliyewahi kumtaja, talaka, mtoto aliyelelewa kama mdogo wa mama yake. Na pwani, na Tabora, na Ujiji, unaweza kukuta utumwa, wa kumilikiwa au wa kumiliki. Soko la Unguja lilifungwa 1873, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Hiyo ya mwisho ni enzi ya vijana ambao wajukuu wao tunao. Walii asiye ndugu, "wazazi hawajulikani" kwenye kitabu cha misheni, jina la ukoo lililoazimwa: hizo ndizo alama. Alama, si hukumu. Usiliseme kwenye kikao cha ukoo wala usilirushe kwenye kundi la WhatsApp. Mwendee mzee mmoja peke yake, mweleze ulichokiona, kisha nyamaza umsikilize. Mara nyingi utagundua alikuwa anajua. Walio hai nao wana haki yao: tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho na habari za ndoa za waliopo zibaki kwako.

Hatua ya mwisho ni kuchapa. Kila mtu karatasi yake: majina yake yote, ndoa zake, mashahidi, na chini yake umeyapata wapi, kitabu gani, ukurasa gani, au kinywa cha nani na siku gani. Pembeni acha nafasi pana. Safari ijayo ya msibani au ya harusini beba nakala tano na kalamu za risasi, uzigawe kwa wazee baada ya chakula. Nakala ya shangazi yangu ilirudi na majina sita mapya, mawili yamekatwa kwa mistari mikali, na mbele ya harusi ya 1935 ameandika: "Hii ya pili. Ya kwanza nitakwambia ukija."